Mfanyakazi Aitwaye Tambu

8 Januari

Maji ya juu tangu alfajiri. Atakayesoma atanicheka kwa kuandika "maji ya juu", lakini jina la mama mkwe wangu ndilo neno letu la hicho kitu kinachoanguka kutoka mawinguni, na mkwe hatajwi jina. Si kwa mdomo, si kwa kalamu, wala neno linalofanana nalo halitamkwi. Nilipoolewa na Kaspar miaka sita iliyopita ilinibidi nijifunze kuongea upya. Na msimu huu, ambapo kitu chenyewe kinamwagika hadi Machi, mtu mzima naongea kama mwenye kigugumizi.

Mizani ya chikichi ilifungwa saa nne. Akina mama wakakaa bandani na nyavu zao za kuokotea, na mimi, karani wa mahudhurio wa Divisheni ya Nne, nikawaandika wote kuwa wamefanya siku nzima. Tangu Juni waokotaji wa chikichi zilizopukutika ni waajiriwa wa kampuni kama wanaume wanaokata mikungu. Siku ya kukaa bandani ina ujira wake. Kuugua kuna ujira wake, na uzeeni kuna mfuko. Zamani walilipwa kwa gunia, na asiyejaza gunia alirudi nyumbani na mikono mitupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa peke yake pembeni, anatafuna popoo.

"Kulipwa kwa kukaa," alisema. "Mtu angeniambia haya zamani ningemwona mlevi."

Hakutabasamu. Huyo mama hatabasamu bure, na kwangu hajawahi kutabasamu hata kwa bei ghali.

9 Januari

Maji ya juu.

10 Januari

Maji ya juu. Viazi vitamu vimeoza shambani. Mama mkwe kasema nilipanda tuta fupi mno. Sawa, mama. Tuta ni fupi, mimi ni mfupi, kila kitu changu ni kifupi.

13 Januari

Mama mkwe kaumia.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, maji ya juu yametulia kidogo, na akina mama wamerudi kwenye mistari ya michikichi. Kuna mtaro unaotenganisha safu ya kumi na moja na ya kumi na mbili, na juu yake pamelazwa gogo moja tu la kuvukia. Tangu Novemba tumeomba waweke ubao. Alikuwa akivuka na wavu umejaa begani, gogo limeota utelezi, akaanguka. Sikumwona akianguka. Nilisikia sauti yake tu.

"Tambu! Tambu!"

Wanawake watano wakageuka, kila mmoja akidhani anaitwa yeye. Kwetu neno hilohilo moja ndilo mkwe, ndilo shemeji, na ndilo mwiko, na katika divisheni nzima hakuna ambaye si tambu wa mtu. Lakini mimi niliijua sauti. Nilikimbia na rejista mkononi, sijui kwa nini sikuitupa.

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Hakulia. Alikuwa akitazama chikichi zake zikielea mtaroni.

"Zipime kwanza," aliniambia.

"Mama, mguu umevunjika."

"Nimeona. Zipime."

Tulimpakia kwenye trela la trekta, mimi nimemshika kichwa, hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi hospitali ya mjini. Miaka sita chini ya paa moja, na sijawahi kumshika kichwa.

15 Januari

Leo nimetaka ardhi ipasuke nitumbukie.

Nilikwenda ofisi ya mishahara kuomba fomu ya aliyeumia kazini. Mkuu wake ni Bwana Norbert, mtu wa kisiwa cha Manus, shati jeupe hata siku za tope. Akachukua kalamu.

"Jina la aliyeumia?"

Nikasukuma rejista mbele yake na kuweka kidole kwenye mstari.

"Tambu," akasoma. "Tambu nani?"

"Tambu wangu."

"Dada, hilo si jina."

"Ndilo nililoweza kuandika."

Akaweka kalamu chini. Akafungua kabati, akatoa rejista mbili nyingine, akazipanga mezani kama anayegawa karata. "Mimi huyu Tambu nimemtafuta tangu Krismasi. Tarehe nne Disemba alikuwa Divisheni ya Tatu, ya Nne na ya Tano. Saa zilezile. Ana mabawa?"

Mimi Tambu wangu ni mmoja tu.

"Kila mtu ni tambu wa mtu," akaendelea. "Ndiyo maana wezi wanalipenda jina hilo. Miaka miwili nyuma tulikuwa na wafanyakazi hewa kumi na tisa hapa. Hawana sura, lakini ujira walipokea."

Nikamwambia mtu wangu ana sura, na ana mguu pia, na mguu wenyewe upo hospitali unaonekana wazi.

"Basi jambo ni dogo. Kanuni inasema karani anasahihisha kwa mkono wake. Andika jina lake kamili hapa, weka sahihi. Dakika moja. Nitampeleka kwenye bima leo leo."

Akanipa kalamu. Niliishika mpaka ikapata joto.

"Kwetu pia hatutaji wakwe kwa mdomo," akasema, sasa kwa upole. "Lakini karatasi haina masikio."

"Kwetu inayo."

"Basi na mimi sina mfanyakazi. Asiyeandikwa hakuumia kazini. Na wewe, mpaka nijue Tambu ni nani, ujue na kibarua chako kiko mashakani."

Ndiyo hivyo. Miezi saba nimemwandika mwanamke yule kila asubuhi, kwa mwandiko mzuri, ujira kapokea taslimu, na kitabuni hayumo.

16 Januari

Maji ya juu. Sikula.

17 Januari

Nimekwenda hospitali. Nilikuwa nimepanga kumweleza taratibu, lakini alinitazama mara moja tu akasema, "Sema." Nikasema yote.

Mguu ulikuwa umefungwa plasta na kuinuliwa kwa kamba.

"Kwa hiyo simo?" aliuliza.

"Umo. Ila kwa jina la Tambu."

"Tambu si mtu."

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Miaka ishirini na sita aliokota chikichi nyuma ya mumewe. Kilo zote ziliingia kwenye kadi ya mume. Baba mkwe alipofariki, kadi ikafungwa, na ofisini wakamwambia hana alichofanya kwa sababu hakuna kilichoandikwa. "Ulipokuja nyumbani mwezi wa sita na kusema wote mmeingizwa kitabuni," akasema, "nilinunua kuku. Unakumbuka yule kuku?"

Namkumbuka. Nilikula paja. Nilidhani ni sikukuu ya mtakatifu fulani.

Nililia, nakiri. Nikamwambia, "Mama, niruhusu niandike. Mara moja tu. Nitalipa faini ya nguruwe, nitaomba radhi mbele ya ukoo, chochote."

"Hapana."

"Ni mguu wako. Ni ujira wako wa wiki kumi za kuugua, ni akiba yako ya uzeeni."

"Najua ni vya nani."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu tunakaa nyumba moja," alisema. "Ukishaliandika, asubuhi yake nitakupaje chai? Nitakutazama wapi? Ulifanya sawasawa. Ungeliandika mwanzoni ningekuchapa kwa fimbo hii hii." Fimbo yenyewe hakuwa nayo. Alionyesha mlingoti wa dripu.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Nimemwombea apone na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja. Mtu gani huyu, anakataa haki yake ili amlindie heshima mkwe anayepanda matuta mafupi?

20 Januari

Kaspar kasema andika tu, nani atajua. Nikamwambia ni rahisi kwake, lile ni jina la mamake, anaweza hata kuliimba. Akaenda mwenyewe kwa Bwana Norbert kujitolea kuliandika. Karudi ameloa chapachapa. "Kaniambia mimi si karani," akasema. Nimeanika shati lake karibu na moto, tukala sago.

22 Januari

Mchana, nyumba tupu. Nilikaa na karatasi. Niliandika herufi ya kwanza.

Moja tu. Nikaikata mistari mpaka karatasi ikatoboka, nikaichoma jikoni, nikafagia majivu. Siwezi. Sasa nimejua kwamba hata akiniruhusu siwezi.

24 Januari

Leo nimecheka, Mungu anisamehe.

Jasinta, karani wa Divisheni ya Tatu, alinifuata kwenye mizani akanivuta nyuma ya magunia. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kuungama.

"Ludwina, umebanwa na Norbert?"

"Nimebanwa."

"Kwa ajili ya Tambu?"

"Kwa ajili ya Tambu."

"Shoga, na mimi ninaye. Ninao wawili. Shangazi wa mume wangu na mke wa kaka yake."

Tukatazamana. "Umewaandikaje?"

"Tambu Mkubwa na Tambu Mdogo. Kwenye kompyuta ya ofisi wamekata Mkubwa na Mdogo, wakabakiza Tambu."

Na Veronika wa Divisheni ya Tano anao wanne. Wanne. Yeye kaolewa kwenye ukoo wa watu wengi. Kila mmoja wetu alikuwa amejificha miezi saba akidhani ni yeye peke yake mjinga aliyekwama. Kumbe mfanyakazi bora wa kampuni, anayeokota divisheni tatu kwa siku moja, ni wanawake saba. Tulicheka mpaka Jasinta akashika mbavu na kuniambia nimwonee huruma, ana mimba.

Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu wote saba hawamo. Mmoja wao ana miaka hamsini na nane, na akiba ya uzeeni hana.

25 Januari

Tumeandika barua kwa afisa kazi wa mkoa. Sahihi tatu. Maji ya juu yamelegea kidogo.

30 Januari

Hakuna jibu. Maji ya juu yamerudi kwa hasira. Norbert kanipita bila salamu. Namchukia, na shati lake.

5 Februari

Naandika kirefu leo, mkono uniume ukitaka.

Afisa kazi alifika saa mbili. Mama Tekla, mwanamke mnene kutoka mto Sepik, viatu vya mpira, mkoba wa kusuka begani. Kitu cha kwanza alichotaka ni kwenda kuona gogo la mtaroni. Alilitazama, akalikanyaga kidogo, akaandika kitu, meneja wa kampuni akawa mpole. Kisha akaagiza mama mkwe aletwe. Kaletwa kwa gari la hospitali, mguu umenyooshwa, kashikilia kiti kama malkia.

Chumba cha ofisi kilijaa. Makarani wote watano tulikuwepo, Bwana Norbert, na akina mama mlangoni.

"Mama," Mama Tekla akamwambia, "wewe ni mfanyakazi hapa?"

"Ndiyo."

"Nani alikuwa anakuandika kila asubuhi?"

"Tambu."

"Nimeambiwa Tambu ni wewe."

"Ni mimi."

"Na anayekuandika?"

"Tambu."

"Kwa hiyo Tambu alimwandika Tambu."

"Kila siku," mama mkwe akasema. "Hata siku za kukaa bandani. Hakuniongezea saa wala hakunipunguzia. Huyo ni karani wa haki, muulizeni yeyote."

Nilitazama chini. Miaka sita, na sifa ya kwanza nimeipata mbele ya afisa wa serikali, bila jina.

Mama Tekla alikuwa amefunika mdomo kwa daftari. Mabega yakitikisika. "Bwana Norbert," alisema alipoweza, "mimi nina tambu wanane. Nikiwa mdogo nilifeli mtihani kwa sababu ya jina la shemeji wa mama. Huu si wizi. Hawa ni watu wenye adabu."

"Adabu naielewa," Norbert akajibu. "Lakini kanuni ni kanuni. Karani asahihishe kwa mkono wake. Sikuitunga mimi."

"Isome."

Akaisoma. "'Kosa la jina litasahihishwa kwa mkono wa karani wa mahudhurio, mbele ya shahidi.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Imesema karani yuleyule?"

Bwana Norbert alitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, kana kwamba jibu limejificha huko. "Haikusema," alisema.

"Una makarani watano hapa. Badilishaneni rejista."

Kumbe ilikuwa hivyo tu. Nikampa Jasinta yangu, naye akanipa yake. Mama Tekla akaamuru wakwe wote waliokuja na wenye kuwafahamu wataje majina, Bwana Norbert akayaandika kwenye karatasi, na sisi makarani watatu tukatoka nje mpaka wamalize. Tuliporudi, Jasinta alikuwa wa kwanza kushika kalamu. Akasoma karatasi ya majina. Akaiweka kalamu chini.

"Huyu ni mama mkubwa wa mume wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Na kwangu ni tambu."

Rejista ikaenda kwa Veronika. Veronika akatikisa kichwa, ukoo uleule. Karani wa Divisheni ya Kwanza akasema binti yake kaposwa kwenye ukoo huo mwezi uliopita, hawezi kuanza vibaya. Chumba kikaanza kuguna. Norbert akafuta jasho. Mimi nilikuwa nimeshikilia rejista ya Jasinta, na mmoja wa Tambu wake ni mama wa ubatizo wa Kaspar, ambaye naye simtaji.

Akabaki Kope wa Divisheni ya Pili. Kope ni mtu wa milimani, Simbu, alikuja na meli mwaka juzi.

"Wewe una tambu huku?" Mama Tekla akamuuliza.

"Mimi, mama? Mimi nina kitanda na redio."

"Kaa hapa."

Wakamrundikia rejista zote. Kope akakunja mikono ya shati, akaandika, taratibu kama mtoto wa darasa la pili. Kwenye jina la mama mkwe akasimama. "Hii herufi ya katikati ni moja au mbili?"

Watu nusu ya chumba wakatazama dari. Mwishowe Bwana Norbert, mtu wa Manus, asiye na ndugu hapa, akasimama akaanza kumtajia herufi moja moja kwa sauti ya mwalimu, na mimi, Jasinta na Veronika tukaziba masikio kwa vidole, tumepangana ukutani. Akina mama mlangoni walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Aliniangalia nilivyoziba masikio, akaitikia kwa kichwa mara moja. Nilielewa kwamba ameridhika.

Saba wote wameingia. Mama Tekla kaweka sahihi ya shahidi na muhuri. Michango ya mfuko italipwa kuanzia Juni ya mwaka jana, ujira wa siku za kuumia utalipwa kamili, na nakala ya madai ya mguu imeondoka naye mkobani.

Nimelala chali kitandani mchana huu kama mtu aliyeshushwa mzigo wa kuni.

6 Februari

Nimelala mpaka saa mbili. Kibarua changu kipo.

9 Februari

Wameweka daraja la mbao mtaroni, na vishikizo pande zote. Norbert alikuja kulijaribu mwenyewe. Aliponiona akasimama.

"Dada, nilikuogopesha."

"Uliniogopesha."

"Na mimi niliogopa. Ile kesi ya wafanyakazi hewa, mwenzangu alifungwa. Mkewe anauza popoo sokoni sasa." Akatazama viatu vyake, vimejaa tope. "Karatasi za mguu wa mama nimezipeleka bima mwenyewe, sikuzituma. Zisipotee njiani."

Nimeacha kulichukia shati lake.

23 Februari

Siku ya mshahara. Mama mkwe ametumiwa ujira wake hospitali, kamili, kwa jina lake. Kaspar kasema aliulaza kifuani akalala usingizi.

3 Machi

Amerudi nyumbani na magongo. Kitu cha kwanza: tuta la viazi ni fupi. Nimefurahi kulisikia.

14 Machi

Maji ya juu yanaelekea kwisha. Leo yameanguka saa moja tu, jua likatoka.

Karatasi za mfuko wa uzeeni zimefika, nakala moja kwa kila mwanachama. Kope, aliyepewa kuzijaza, aliniletea ya mama mkwe kwenye mizani nimpelekee. Niliweka kidole gumba juu ya mstari wa kwanza nisione nisichopaswa kuona, nikasoma vilivyobaki. Tarehe ya kuzaliwa, wamekisia. Tarehe ya kuanza kazi, Juni. Chini kabisa pana mstari wa mtu atakayepokea akiba yake iwapo atafariki. Nilitarajia kuona Kaspar.

Limeandikwa jina langu.

"Kope," nikamwambia, "umekosea hapa."

"Sikukosea. Alikuja Jumatatu na magongo yake, wewe ulikuwa unapima. Nikamuuliza mrithi nani. Akasema tambu. Nikamwambia mama, tafadhali, tusianze tena." Kope akacheka. "Basi akakunyooshea mdomo, kule ulikokuwa. Yule, akasema. Nikaandika Ludwina. Akaniuliza nimeandika majina mangapi. Nikasema moja. Akasema yaandike yote, na la baba yake, na la ukoo wake, asije mtu siku moja akamwambia hayumo. Hakuondoka mpaka nikamsomea mara tatu."

Majina yangu matatu yamejaa mstari mzima, hadi ukingoni, ya mwisho yamebanana.

Nilifika nyumbani saa kumi. Alikuwa amekaa kizingitini, mguu ameunyoosha, anamenya magimbi. Nilimpa karatasi. Akaiweka chini ya mkeka bila kuifungua.

"Tambu," nikasema.

"Tambu," akajibu, na akasogea kunipisha.

Nikachukua kisu cha pili, nikakaa.